Kitambaa cha bibi kutoka Hungaria: ukivae au ukiweke?

Umerithi kendő, kitambaa cha kichwani cha Kihungaria, na hujui ukivae au ukifungie kabatini.

Kwanza angalia ni cha nini. Kama ni kékfestő, yaani pamba ya buluu iliyokoza yenye vimaua vyeupe, kina ubavu wa kuvaliwa. Fundi alikipiga chapa kwa vibao vilivyopakwa uji mzito unaozuia rangi, akakichovya kwenye nili mara kadhaa, kisha akauondoa ule uji. Palipozibwa pakabaki peupe. (UNESCO iliuorodhesha ufundi huu mwaka 2018, kwa Hungaria na majirani zake kadhaa.) Kifunge chini ya kidevu au nyuma ya shingo. Kifue peke yake kwa maji baridi, maana nili huchuja.

Cha hariri ni habari nyingine. Fundo hukaza palepale kila mara, na nyuzi kuukuu hukatika hapo. Hicho kiweke, ila usikikunje pande nne, kwani mikunjo nayo hukata. Kizungushie kwenye bomba la karatasi. Fremu ukutani inapendeza, lakini mwanga unakula rangi.

Mimi cha pamba ningekivaa bila kusita. Vijijini kule mwanamke akiolewa alifunika nywele, na Wahungaria wakisema binti “amefungwa kichwa” wanamaanisha ameolewa. Kikikaa kabatini, mjukuu atajulia wapi kukifunga? Cha hariri kitoke siku ya harusi, saa moja tu, kisha kirudi kwenye bomba lake.