n8n kwenye seva ya kampuni: usanikishaji, mipangilio na tathmini yangu

Watazamaji wapendwa, mlioko Kampala, Jinja, Mbarara, Arua na kwingineko, karibuni katika uchambuzi wa leo. Bidhaa iliyo mbele yetu ni n8n, programu ya kuendesha mitiririko ya kazi bila mtu kuishikilia kwa mkono, na nitaichambua kwa namna moja tu, yaani ikiwa imesanikishwa kwenye seva ya kampuni yenyewe badala ya kukodiwa kwa mtengenezaji. Msimamo wangu nautaja mapema. Programu hii inastahili nafasi katika ofisi zetu, lakini manufaa yake hayaamuliwi siku inapofunguka kwa mara ya kwanza kwenye kivinjari. Huamuliwa na mipangilio michache ambayo wengi huiruka, kwa kuwa programu hukubali kufanya kazi hata pale mipangilio hiyo inapokosekana.

n8n ilianzishwa mjini Berlin mwaka 2019 na Jan Oberhauser. Imejengwa juu ya Node.js, jukwaa la kuendesha programu za JavaScript, na mtumiaji huchora kazi yake kwa kuunganisha nodi, yaani hatua za kazi: nodi moja hupokea barua pepe, nyingine husoma kiambatisho, nyingine huandika katika hifadhidata, nyingine hutuma ujumbe. Fikirieni kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Kampala na maofisa wake Malaba na Busia. Kila siku nyaraka za shehena huingia kwa barua pepe kutoka Mombasa. Karani huzifungua, hunakili namba za makasha kwenye jedwali, humpigia simu mwenzake wa mpakani, kisha humwandikia mteja kwamba mzigo wake uko njiani. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa, lakini inahitaji umakini usiochoka, na tarakimu moja ikikosewa katika namba ya kasha inaweza kuleta usumbufu mpakani. Huo ndio mzigo ambao n8n inaubeba vizuri, na mfano huu tutaendelea nao.

Kuhusu gharama, toleo la jumuiya halilipiwi na halina kikomo cha mitiririko wala cha idadi ya utekelezaji, ilhali huduma nyingi za kukodi hutoza kwa kila hatua au kwa kila mzunguko. Hata hivyo, someni leseni. Tangu mwaka 2022 programu hii inatolewa kwa leseni inayoruhusu kampuni kuitumia bure kwa shughuli zake za ndani, lakini hairuhusu kuigeuza huduma ya kuwauzia wengine. Chanzo chake kinasomeka na kila mtu, ila si programu huria kwa maana kamili ya neno hilo. Uingiaji wa pamoja kupitia saraka ya watumishi na usimamizi wa matoleo kwa Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, vimo katika matoleo ya kulipia. Kwa kampuni ya watu wachache sioni kama hilo ni pungufu kubwa.

Sasa tuingie kwenye seva. Ninatumia mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu wenye Docker, programu inayoendesha kila huduma ndani ya kifurushi chake kiitwacho kontena, na kwa ofisi ya ukubwa wa kati ninaona kwamba viini viwili vya prosesa na gigabaiti 4 za RAM vinatosha kuanzia. Kama mnavyoona kwenye skrini, faili moja ya Docker Compose, yaani orodha ya huduma za kuwashwa pamoja, inabeba huduma tatu: n8n yenyewe, hifadhidata ya PostgreSQL kwa ajili ya data, na Caddy inayosimama mbele kupokea wageni. Mkiiacha n8n kama ilivyo, itatumia SQLite, hifadhidata ya faili moja, ambayo inafaa kwa majaribio. Kwa kazi ya kampuni chagueni PostgreSQL tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuhama baadaye ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeipatia muda. Mkiunganisha folda ya seva na folda ya ndani ya kontena, hakikisheni inamilikiwa na mtumiaji mwenye kitambulisho 1000, la sivyo programu itakataa kuwaka kwa kukosa ruhusa ya kuandika.

Caddy nimeiweka kwa sababu maalumu. n8n husikiliza kwenye poti 5678, yaani mlango wake wa mtandao, na ukiifungua kutoka kompyuta nyingine ya ofisini kwa anwani ya kawaida ya http itakukatalia kuingia, kwa kuwa kidakuzi chake cha usalama kinadai muunganisho uliosimbwa. Wengi hutafuta mpangilio wa kuzima dai hilo, wakauzima, wakaendelea. Siwashauri kabisa. Caddy hujipatia cheti cha usalama yenyewe na kukihuisha yenyewe, na mistari michache ya mipangilio yake ni bei ndogo mno kwa nywila za kampuni nzima kutopita wazi kwenye waya wa ofisi.

Nywila hizo ndizo zinazonileta kwenye jambo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote. n8n huhifadhi ndani yake siri za kila mfumo inaougusa: nenosiri la barua pepe, ufunguo wa malipo ya simu, ruhusa ya kuingia katika hifadhidata ya wateja. Siri hizo husimbwa kwa ufunguo mmoja. Usipoutaja wewe mwenyewe, programu huutunga inapowaka mara ya kwanza na kuuandika kimya kimya katika faili ndogo ndani ya folda yake ya kazi. Sasa tafakarini: msimamizi anachukua nakala rudufu ya PostgreSQL kila usiku, kwa uaminifu, akiamini amemaliza. Diski ikiharibika, atairejesha hifadhidata na kuiona mitiririko yote ikiwa kamili, lakini hakuna siri hata moja itakayosomeka, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye folda ambayo hakuna aliyeinakili. Kila nenosiri litahitaji kuombwa upya na kuingizwa upya, mfumo baada ya mfumo, huku kazi zimesimama.

Kwa hiyo tungeni ufunguo wenu mrefu kabla ya kuwasha programu, uwekeni katika kigezo cha N8N_ENCRYPTION_KEY, kisha uhifadhini mahali pawili nje ya seva hiyo: kwenye programu ya kutunza nywila, na katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mkurugenzi. Nakala ya hifadhidata na ufunguo visikae pamoja, maana atakayeviiba vyote viwili amekwisha kupata kila kitu.

Jambo la pili ni la saa, na linawahusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Saa ya n8n, isipobadilishwa, hufuata New York. Mkipanga ripoti ya shehena itoke saa 2 asubuhi, itatoka saa 9 alasiri au saa 10 jioni kwa saa za Kampala, kutegemea majira ya Marekani. Kinachosumbua ni kwamba hakuna onyo lolote: mtiririko unaonekana umefaulu, ila wakati si wake. Andikeni Africa/Kampala katika GENERIC_TIMEZONE na pia katika TZ, kwa sababu cha kwanza huongoza ratiba za n8n, na cha pili huongoza saa ya mfumo ndani ya kontena.

Tunapofika kwenye malipo ya simu, hapo ndipo kampuni nyingi za hapa kwetu huvutiwa, na ni haki yao. Mteja akilipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, tunataka mfumo ujue bila karani kusubiri ujumbe kwenye simu. n8n hutoa anwani ya webhuku ya kupokelea taarifa hizo, tena hutoa mbili: ya majaribio, ambayo husikiliza kwa muda mfupi tu baada ya kubonyeza kitufe, na ya kazi halisi, ambayo huamka pale mtiririko unapowashwa rasmi. Msimpe mtoa huduma ile ya majaribio. Vilevile, kwa kuwa programu iko nyuma ya Caddy, haijui jina lake la nje mpaka muitajie katika WEBHOOK_URL, na msipofanya hivyo itatangaza anwani ya ndani yenye poti 5678, ambayo haifikiki kutoka nje.

Tatizo zito zaidi ni la mtandao wa ofisi. Ofisi nyingi zetu hazina anwani ya kudumu ya intaneti, na taarifa inayotoka nje haina pa kufikia. Mnaweza kuomba anwani ya kudumu kwa mtoa intaneti wenu, au kukodi seva ndogo ya nje ya kupokelea, au kuachana na kungoja na badala yake mtiririko uulize wenyewe hali ya kila muamala kila baada ya dakika chache. Mimi napendelea njia hii ya mwisho hata pale ambapo webhuku inafanya kazi, kwa sababu taarifa iliyotumwa wakati intaneti yenu imekatika inaweza isitumwe tena, ilhali swali lisilojibiwa sasa linaweza kuulizwa baadaye.

Kuhusu EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda ambao walipaji wa VAT wanawajibika kuutumia, nina ushauri wa tahadhari. Kitaalamu n8n inaweza kutuma ombi kwa mfumo wowote wenye API, yaani njia ya programu nyingine kuwasiliana nao. Hata hivyo, ankara ya kodi haivumilii kutumwa mara mbili, na mtiririko uliokwama katikati na kuanzishwa upya unaweza kufanya hivyo hasa. Acheni programu ya uhasibu iliyounganishwa rasmi itoe ankara, na n8n ichukue matokeo: imtumie mteja nakala, iitunze katika folda sahihi, imkumbushe anayedaiwa.

Kuna sababu ya kisheria pia ya kupenda seva ya nyumbani. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa majukumu kila anayekusanya taarifa za watu, na kuna masharti kuhusu taarifa hizo kuchakatwa nje ya nchi. Seva ikiwa ofisini, swali la zilipo linajibika kwa urahisi. Lakini angalieni kumbukumbu za utekelezaji: n8n hutunza data yote iliyopita ndani ya kila mtiririko, majina na namba za simu zikiwemo, kwa saa 336 kabla ya kuifuta, yaani wiki mbili. Kwa mitiririko inayogusa taarifa za watu, ninapunguza muda huo, na kwa ile iliyofaulu ninaagiza isitunze kitu.

Umeme ukikatika na kurudi, kontena zirejee zenyewe. Hilo ni neno moja katika faili ya Compose. Lakini eleweni kwamba kazi iliyopangwa saa ambayo seva ilikuwa imezimika hairudiwi. Imepotea, mpaka ratiba ijayo. Ndiyo maana UPS, betri ya akiba ya seva, si anasa hapa, na ndiyo maana mtiririko mzuri huandikwa uchukue kila kilichoingia tangu mara ya mwisho ulipofaulu, si kilichoingia leo pekee. Intaneti nayo ina yake: mnamo Januari 2021 ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi mkuu. Mitiririko inayounganisha mifumo ya ndani ya ofisi, kutoka stoo hadi uhasibu, inaweza kuendelea katika hali kama hiyo, jambo ambalo huduma ya kukodi ng'ambo haiwezi kulitoa.

Kosa likitokea, nani atajua? n8n haimwambii mtu yeyote isipoagizwa. Tengenezeni mtiririko mmoja unaoanza na nodi ya Error Trigger na kutuma ujumbe kwa Telegram ya msimamizi, kisha katika mipangilio ya kila mtiririko mwingine uteueni kuwa ndio wa kupokea makosa. Mnapoujaribu, kumbukeni hauamki kwa kosa la jaribio la mkono. Huamka pale tu mtiririko ulipojiendesha wenyewe.

Basi nani asiisanikishe? Kampuni isiyo na mtu hata mmoja ambaye jukumu la seva limeandikwa katika kazi zake. Kwa kampuni hiyo ningesema lipeni huduma ya kukodi, hata kama kila mwezi inauma, kwa sababu programu yenye funguo zote za ofisi ikiachwa bila mlezi ni hatari kuliko karani mchovu. Matoleo mapya hutoka mara kwa mara na mengine huziba mianya ya usalama. Toleo la 2.0 la Desemba 2025, kwa mfano, lilizima nodi inayoendesha amri za mfumo mpaka msimamizi aiwashe kwa hiari yake, na ninaona uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kila mnapopanda toleo, chukueni nakala ya PostgreSQL kwanza, kwa sababu programu hubadilisha muundo wa hifadhidata inapowaka, na kurudi nyuma bila nakala hiyo kunaweza kushindikana. Taja namba kamili ya toleo katika faili ya Compose badala ya kuandika latest, ili seva isipande siku ambayo hukuichagua. Kisha someni maelezo ya toleo, pandisheni jioni baada ya kazi, na asubuhi, kabla karani hajafungua barua pepe yake, tazameni kama ripoti ya saa 2 imetoka saa 2.