Pikapu za betri kwenye gitaa, EMG 81 na 60: uzoefu wangu huku Unguja

Kila nikilitoa hili gitaa kwenye begi lazima atokee mtu aulize, "eti hizo za betri zinapiga kelele zaidi?", na jibu langu siku zote linakuwa refu kuliko subira ya alieuliza, kwaiyo acha niliandike hapa anaetaka asome.

Gitaa lenyewe ni LTD EC-1000, mtumba, nimelinunua kwa mzungu mmoja alokuwa akiishi Paje akawa anafungasha kurudi kwao. Lina pikapu mbili za EMG (pikapu ni kile kidude chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme), modeli ya 81 huku nyuma kwenye bridge, yani pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, na 60 upande wa shingo. La zamani bado nnalo, Yamaha Pacifica 112, pikapu za kawaida hazina betri wala nini. Kazi zangu mchanganyiko, hotelini Nungwi na Kiwengwa tunawapigia wageni, wikendi harusi na taarab ya kisasa mjini, kwaiyo magitaa yote mawili yashaonja kila aina ya amplifaya mbovu ilioko kisiwani.

Sauti kwanza. Chukua amplifaya moja, waya mmoja, usiguse chochote, chomeka Pacifica kisha chomeka LTD. Ndio, LTD inasukuma zaidi, na amplifaya ndogo zile za mazoezi zinaanza kukwaruza mapema pale ambapo Pacifica ingekuwa bado safi. Watu wengi uchunguzi wao unaishia hapo, wanakwambia betri imeongeza nguvu basi. Sasa hebu teremsha amplifaya mpaka yote mawili yasikike sawa sawa ndo usikilize, mana sikio la binadamu linadanganyika rahisi mno yakhe, kitu kile kile ukikipandisha kidogo tu unakiona kizuri zaidi. Ukishasawazisha, habari ya ukubwa wa sauti inakwisha na unabaki na mambo mengine kabisa: ule mwanzo wa noti unatoka mkali na wazi, hamna mvumo nyuma, na noti uliyoipiga kwa nguvu na uliyoipiga kwa upole zimesogeleana.

Sababu yake ni hii. Pikapu ya kawaida ni sumaku na waya mwembamba sana umezungushwa maelfu ya mara. Mizunguko mingi inaleta sauti kubwa, lakini umeme unaotoka pale ni dhaifu, kila unachokutana nacho njiani kinaupunguza na kinachoondoka mwanzo ni treble, ile sauti ya juu. Hawa EMG, kampuni ya Marekani iloanza 1976, wamefanya kinyume, waya wameuzungusha kidogo halafu ndani ya lile boksi jeusi wameweka preamp ndogo, yani kikuza sauti cha awali, inayokula betri ya volti 9. Kwaiyo nguvu unayoisikia ni ya preamp, na hiyo preamp ingeweza kutengenezwa itoe sauti ndogo au itoe kubwa, ni uamuzi wa aliebuni. Ndo mana nasema gitaa kuwa na betri peke yake hakukuambii kama litakuwa na sauti kubwa. Kuna magitaa, na mabesi hasa, pikapu zake ni za kawaida na betri ni ya kuendesha vile vinobu vya besi na treble tu, ukiviweka katikati sauti haipandi wala haishuki.

Faida nilioipenda mie ni waya mrefu. Hotelini mara nyingi wanatuweka pembeni ya bwawa na mixa iko mbali kule baa, waya wa mita 10 au zaidi unapita chini ya mikeka, na kila mita ya waya inameza treble kidogo. Pacifica kwenye waya ule inasikika kama mtu anaimba na kanga mdomoni. LTD haijali, iwe waya mfupi wa chumbani au ule mrefu wa jukwaani toni ni ile ile, kwa sababu preamp inausukuma umeme ukiwa na nguvu ya kutosha kabla haujaanza safari.

Na kinobu cha volyumu, hapa wapiga taarab wenzangu mnisikilize. Mwimbaji akianza ubeti gitaa lazima literemke limpishe, akimaliza fidla na kinanda vinaingia na wewe unapanda nao, kidole kidogo kinashinda kwenye kinobu usiku mzima. Kwenye Pacifica ukiteremsha mpaka 5 hupunguzi sauti tu, unapoteza na ung'avu, noti zinakuwa nzito hazitoki mbele ya kinanda, inabidi uende kwenye treble ya amplifaya halafu ukipanda tena inakuchoma masikio. Kwenye EMG volyumu inashusha sauti, toni inabaki pale pale. Kwa kazi yangu mie hilo tu linatosha kulipia gitaa lote, na wala sio lile wanaloniuliza watu.

Kasoro zipo. Ule usawa wa noti ngumu na noti laini niliousema, kwenye nyimbo za kusukuma ni raha, kila kitu kinasikika, lakini ukitaka gitaa linong'one halinong'oni vizuri. Zile nyimbo za taratibu unazochokoa uzi kwa ncha ya kidole, Pacifica inakupa hewa fulani, inafuata mkono wako, ukibonyeza inalia ukiachia inapumua. EMG inakupa noti safi imenyooka na basi. Mie naona 60 ya shingoni ni afadhali kuliko 81 kwa kazi hiyo, 81 kwa sauti safi isiyokwaruzwa ni kavu mno, wataalamu wa rock wataniona mshamba lakini ndo masikio yangu. Halafu kama unatumia pedeli ya fuzz ya zamani (kile kidude cha kukanyaga kinachokwaruza sauti) usishangae ikibadilika tabia, zile zimezoea kuongea na pikapu ya kawaida moja kwa moja, ukizipa umeme wa preamp zinakuwa kali zinapiga makelele na ukiteremsha volyumu hazisafiki kama mwanzo.

Mvumo sasa. Jenereta likishawashwa na zile taa za mapambo za harusi, zile pikapu za Pacifica zenye koili moja moja, fungu moja tu la waya, zinavuma mpaka ukimya kati ya nyimbo unakuwa sio ukimya. EMG kimya kabisa. Na jingine ambalo wengi hawalijui, gitaa la kawaida lina waya wa ardhi (earth) unaokwenda mpaka kwenye bridge, yani nyuzi unazozishika zimeungana na amplifaya, na ukigusa maiki kwa mdomo huku amplifaya na mixa zimechukua umeme sehemu tofauti ambazo ardhi yake sio nzuri, unapigwa shoti ya midomo, tunaoimba huku tunapiga tunaijua. EMG maelekezo yao wanasema waya ule wa bridge hauhitajiki. Isiwe sasa ndo unapanda jukwaa lolote kwa kujiamini, jeki na vinobu vya chuma bado vimeungana na umeme ule ule, mwambie fundi aangalie ardhi kwanza.

Betri je? Inakula kidogo sana, EMG wenyewe wanataja kama saa 3000 kwa pikapu moja, ukiwa na mbili zinagawana. Gitaa linawaka ukichomeka waya na linazima ukichomoa, hamna swichi, kwaiyo waya ukibaki kwenye gitaa usiku kucha betri nayo inakesha. Ila betri zenyewe ndo shida, duka moja mjini waliniuzia ya karatasi inang'aa mashaallah, ikafa harusini bibi harusi hata hajatoka. Dalili utazijua, ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu inapasuka na kukwaruza japo amplifaya iko chini, ukipiga polepole iko sawa, halafu sauti inasinyaa. Ukisikia hivo usingojee wimbo uishe. Pacifica ilikuwa nyuma ya spika nikaishika hiyo mpaka mwisho, na sa hivi mfukoni mwa begi hakukosekani betri mpya, ya alkaline.

Alieniuliza juzi kama anaweza kununua EMG moja tu akaiweka nyuma na pikapu yake ya zamani ikabaki mbele: fundi anaweza kulehemu, lakini vinobu havitakubaliana. EMG inataka vinobu vya kilo-ohm 25 (kipimo cha jinsi kinobu kinavyouzuia umeme), pikapu za kawaida zinataka 250 au 500. Ukiweka 25, pikapu ya zamani itazimika ibaki besi tupu, ukiweka 500 basi EMG utakuwa unazungusha kinobu hakuna kitu, halafu ghafla sauti yote inapotea. Njia mojawapo ni kila moja ipate volyumu yake na toni yake, na kama gitaa lako lina volyumu moja kama Pacifica hapo ni kutoboa mbao, mie langu nisingelitoboa.