Uzoefu wangu na meza ya eksirei inayosimama na kuinama, mwaka wa nne sasa

Mi ni mtaalamu wa mionzi kwenye hospitali moja huku Kanda ya Ziwa, na meza ninayoiongelea ni ile ya floroskopi, yaani mgonjwa analala halafu meza yenyewe inasimama naye wima au inampeleka kichwa chini kidogo huku sisi tunaangalia picha inayotembea kwenye skrini. Nimeitumia karibu kila siku ya kazi, huu mwaka wa nne. Ila naanza na ile tuliyokuwa nayo kabla yake, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini hii naisifia kwa vitu ambavyo kwenye vipeperushi vya wauzaji havimo kabisa.

Siku moja tulikuwa na mama mmoja wa kipimo cha utumbo mpana. Bariamu, ile dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, unaiingiza kwa njia ya haja kubwa, halafu unainamisha meza kichwa kiende chini ili dawa ipande ule utumbo wa kushoto, kwa sababu bariamu ni nzito na inafuata mteremko kama maji yanavyofuata mfereji. Tulikuwa tumeshafika kama digrii 15 hivi, umeme ukakatika. Chumba cha eksirei hakina dirisha, giza lake si la kawaida. Na meza ikaganda pale pale.

Watu wengi wanadhani umeme ukikata meza itaanguka. Hapana. Mle ndani kuna skrubu nene inayozungusha gurudumu la meno, na mota inaweza kulizungusha gurudumu kupitia ile skrubu lakini gurudumu haliwezi kuirudisha skrubu nyuma, kwa hiyo hata alale mtu wa kilo 120 uzito wake hauishushi meza. Kwa hilo ni salama sana. Shida ni kwamba kama haishuki basi pia hairudi, mpaka uzungushe kwa hendeli ya mkono, na hendeli yetu ilishapotea zamani hata aliyeitumia mara ya mwisho hakuna anayemjua. Mama wa watu kichwa chini, tumbo limejaa dawa na hewa, mabega yameegemea vile vizuizi, ananiuliza "mwanangu, vipi, mbona mmenyamaza?" Tukawasha tochi za simu, tukawa watu wanne tukashika shuka pande zote tukamvuta taratibu mpaka kwenye machela. Jenereta inawaka tayari tumeshamtoa. Alikuwa anatetemeka mikono yote miwili, na ile mikono bado naiona.

Basi meza mpya ilipokuja kufungwa nikamwambia fundi wa kampuni, sisaini mapokezi mpaka nilale mwenyewe. Akashangaa kidogo ila akakubali. Nikalala, fundi wetu wa vifaa tiba akashika vidhibiti, nikamwambia nisimamishe mpaka digrii 90, nirudishe, halafu nipeleke kichwa chini mpaka mwisho wake, na hii yetu mwisho ni digrii 20. Ndugu zangu mnaofanya hii kazi, laleni kwenye meza zenu. Nilikuwa nimeshainamisha mamia ya watu na sikuwa najua kwamba ukifika kama digrii 70 ukiwa unasimamishwa mwili unakwambia umeshapita wima na unaangukia mbele, wakati bado hujafika. Ndo maana wagonjwa wanashika vishikio mpaka vidole vinakuwa vyeupe.

Na hapo ndo nikaielewa tofauti kubwa ya hii meza. Ile ya zamani ilikuwa ikianza inashtua, ka! halafu inakwenda mwendo ule ule, halafu ka! inasimama. Hii inaanza polepole sana, inaongeza mwendo, na ikikaribia kusimama inapunguza. Nilipima kwa simu, kutoka kulala mpaka wima ni sekunde kama 20. Nyie mnaonunua mnaweza kuona hilo ni jambo la starehe tu, ila fikirieni, mgonjwa akishtuka anajikunja, akijikunja picha inatikisika, picha ikitikisika unarudia, na kila unaporudia ni mionzi mingine unamwongezea mtu ambaye hakutakiwa kuipata.

Kitu kingine, meza inatembea ukiwa umebonyeza tu, ukiachia kidole inasimama hapo hapo. Na ikitoka wima kushuka inajisimamisha yenyewe kwenye sifuri, ukitaka iendelee kwenda kichwa chini lazima uachie ubonyeze upya. Wenzangu wengine hilo linawakera wanaona inapoteza muda, mi naipenda kweli kweli kwa sababu siku una wagonjwa kumi na mbili na umechoka, ile sekunde moja inakulazimisha umwangalie mtu usoni umwambie "mama sasa tunaenda kichwa chini kidogo". Halafu ikiwa chini karibu na sakafu ukaiambia iiname, inajiinua kwanza ndo iiname, ili ncha isigonge chini. Ila haina macho ya kuona ulichokiacha chini yake! Mwaka wa kwanza stuli ya chuma ilisahaulika upande wa kichwa, nikasikia mlio tu nikaachia kidole. Meza haikuumia, stuli ilipinda mguu. Toka siku hiyo chini ya meza hakuwekwi kitu, hata ndoo.

Kuna bibi mmoja alikuja kipimo cha kumeza, chakula kilikuwa kinamkwama kifuani miezi mingi amekonda sana. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Hii meza yenu haitanimwaga?" Nikamwonyesha kikanyagio, yaani ule ubao wa kusimamia miguu meza ikiwa wima, nikakipiga kwa mguu wangu mara mbili asikie kimeshika, nikamfunga mkanda, nikamwambia nitakuwa hapa hapa pembeni yako na aproni yangu ya risasi ya kuzuia mionzi, siendi chumba cha nyuma. Tukamsimamisha, akanywa bariamu, halafu tukawa tunapiga picha kila baada ya muda mpaka dakika ya 5 kuona ile dawa imebaki juu kiasi gani. Kile kipimo lazima mtu awe wima, kwa sababu akilala dawa inatambaa tu kwenye koo la chakula na huwezi kujua kama mlango wa tumbo unafunguka au haufunguki. Dawa ilisimama kama maji kwenye chupa, chini imechongoka kama mdomo wa ndege. Daktari alijua pale pale pa kuanzia. Sasa wakija wakubwa wananiuliza meza ya hivi ya nini wakati siku hizi kuna CT, ile eksirei inayomzunguka mgonjwa, jibu langu ndo huyo bibi. Meza ya CT inapanda, inashuka, inaingia na kutoka, basi, haimsimamishi mtu. Na kina dada wanaokuja kipimo cha mirija ya uzazi wengi wao tunawainamisha kidogo, ni dakika chache tu lakini ndizo walizozisubiri miaka.

Mabaya yake sasa. Kikanyagio ni kizito mno, dada mwembamba wa zamu ya usiku hawezi kukifunga peke yake na hicho ni kitu ambacho hakitakiwi kufungwa nusu nusu. Pili vipuri, hapa ndo nilikasirika. Mwaka wa pili meza ikaanza kugoma kwenye digrii 60, inapanda ikifika hapo inasimama na kuandika hitilafu. Waliotuuzia wakasema ni bodi ya umeme, wiki sita tukisubiri na wagonjwa tunawapa rufaa ya mji mwingine kwa nauli zao. Fundi wetu akachoka kusubiri akafungua kifuniko cha pembeni. Unajua alichokuta? Dawa. Ile dawa nyingine ya picha, ya maji isiyo bariamu, inayomwagika kidogo kidogo ikikauka inakuwa kama sharubati iliyoungua, inanata, na bariamu inakauka kama chokaa, na vyote viwili vilikuwa vimeteremka kwenye reli vikaenda kugandisha kiswichi kidogo, ni kama ncha ya kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiambia meza umefika mwisho. Kilikuwa kimeganda kimebonyea, meza inaamini imeshafika wima. Alikisafisha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kikaachia, meza ikapanda mpaka 90. Bodi ilikuwa haina tatizo lolote. Wiki sita!

Kwa hiyo sasa hivi kila Ijumaa jioni tunasimamisha meza wima bila mgonjwa, tunapangusa reli zote mbili, tunaipeleka mwisho wa juu na mwisho wa chini tukisikiliza. Tulinunua viswichi viwili vya akiba vipo kwenye droo. UPS, ile betri ya akiba, tuliyoomba ifungwe pamoja nayo inatosha kuirudisha meza kwenye sifuri umeme ukikatika, tumeshaitumia mara tatu na mgonjwa hata hakujua. Na hendeli ya mkono ipo, nimeipaka rangi nyekundu nimeitundika ukutani kwa mnyororo, hatua mbili kutoka kwenye meza, na mwanafunzi wa field akija siku ya kwanza kabla hata sijamwonyesha swichi ya kuwashia namwambia aishushe, aizungushe gizani, airudishe.