Mafuta ya lavenda ya mililita 10: soma jina la mmea kabla ya bei

Chupa hii ya kahawia imeandikwa Lavandula angustifolia, Bulgaria, yamekenekwa kwa mvuke. Hayo ndiyo unayoyalipia. Chupa nyingi za bei nafuu huwa na Lavandula x intermedia, yaani lavandini: chotara anayetoa mafuta mengi zaidi kwa ekari, ila yenye kafuri nyingi. Lavandini ya aina ya Grosso hufikia asilimia 6 hadi 8 za kafuri, ilhali lavenda halisi kwa kawaida haifiki 1. Kwa kufulia na kupigia deki, lavandini inatosha kabisa. Kwa mto wa kulalia, hapana. Kafuri hupanda puani na kuchangamsha.

Tone moja kwenye karatasi nyeupe linatoa harufu laini, tamu, isiyochoma. Baada ya saa kadhaa doa limekauka bila kuacha duara la mafuta, dalili kwamba hayajaongezwa mafuta ya kupikia. Kipimo hicho hakigundui linalool ya kiwandani (linalool ni kemikali ya harufu iliyomo kwa asili ndani ya lavenda). Hiyo ni kazi ya maabara, ndiyo maana namba ya bechi, inayoiunganisha chupa na majibu ya maabara, ni muhimu. Hapa ipo. Kinachokosekana ni tarehe ya kukeneka, na hiyo ni kasoro kubwa: linalool ikikutana na hewa huoksidika, na kinachozalika hapo huweza kuleta mzio wa ngozi. Ukifungua, andika tarehe kwenye lebo, kaza kifuniko, weka kwenye friji, maliza ndani ya mwaka.

Kizibo cha ndani kimetulia. Inamisha chupa usubiri, tone hushuka moja moja. Ukitikisa, yanatoka matatu kwa mkupuo na kipimo kimeharibika. Kwa masaji weka matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, sawa na asilimia 2. Ya usoni, matone 6. Changanyia kwenye chupa ya kioo, kwani mafuta haya hula baadhi ya plastiki. Usiyadondoshe kwenye maji ya kuoga. Yataelea na kukugusa yakiwa makali vilevile. Kabatini, matone 3 kwenye pamba, mbali na hariri.

Usiyanywe, wala usimpake mtoto mchanga. Mwenye paka asiwashe difyuza (kifaa cha kusambaza harufu) chumba kikiwa kimefungwa.

Nyota 4. Wakiandika tarehe ya kukeneka, 5.