Vitabu vya kununua kwanza kwa mzazi Mkristo anayefundisha watoto nyumbani

Mzazi anayeanza kufundisha nyumbani mara nyingi humaliza fedha kwenye vitabu vya malezi vya Kiingereza, halafu Biblia ya kumsomea mtoto inabaki ile ile ya kipaimara, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Pindua mpangilio huo. Kinachomjenga mtoto ni kile anachosomewa kila siku kwa lugha anayoielewa, na ndivyo tulivyopanga orodha hii.

1. Biblia ya kusomewa

Kama mna mtoto wa chini ya miaka 10, nunua Biblia Habari Njema. Sababu inaonekana kwenye mstari wa kwanza kabisa. Tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inasema: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Kwa mtoto wa leo nchi ni Tanzania au Kenya, yenye bendera na rais, naye atauliza ni nchi gani hiyo. Habari Njema inasema "dunia", mnaendelea. Vivyo hivyo Yohana 3:16, "hata akamtoa Mwanawe pekee": hiyo "hata" ni ya zamani, yenye maana ya "mpaka", lakini mtoto anaisikia kama ile ya "hata mimi".

Kwa kukariri, Union haina mpinzani. "BWANA ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" ina mdundo unaokaa kichwani, na ndiyo atakayoisikia madhabahuni. Nyumba ikiweza iwe nazo zote mbili. Fedha zikitosha moja tu na watoto wote wamepita miaka 10, chukua Union.

Dukani usiharakishe. Habari Njema hupatikana ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni au bila hivyo, kwa hiyo fungua yaliyomo: ukiona Tobiti na Yudithi, ni ile yenye navyo. Wakatoliki wataitaka hiyo. Waprotestanti wengi hutumia yenye vitabu 66. Kisha ifungue katikati, karibu na Zaburi, uutazame mgongo kutoka juu. Ukiona kurasa zimekunjwa mafungu mafungu na uzi umepita katikati ya kila fungu, imeshonwa. Ukiona karatasi moja moja zimebanwa kwa gundi tu, zitaanza kuchomoka, na Mwanzo hutangulia kwa sababu kurasa za mbele ndizo zinazofunguliwa sana. Pitia pia namba za kurasa. Kosa la kiwandani lililo baya ni fungu zima kukosekana au kuingia mara mbili, nawe hugundui mpaka mfike Hesabu, risiti imeshapotea.

Mpe mtoto asome mstari mmoja akiwa ameshika kitabu kwa umbali wake wa kawaida. Akisogeza uso karibu, tafuta yenye herufi kubwa zaidi, hata kama itakosa itifaki (orodha ya maneno na mistari yanapopatikana) na ramani. Nyumbani apige mistari kwa penseli. Karatasi ya Biblia ni nyembamba na wino wa majimaji hupenya hadi ukurasa wa pili.

Anzeni na Marko. Ina sura 16, na nyingi husomwa kwa sauti ndani ya dakika 5 hadi 10. Sura ya 14 ina mistari 72, igaweni siku mbili. Mkisoma siku 4 kwa wiki, mwezi na ushee mmeimaliza Injili nzima.

2. Kitabu cha nyimbo

Chukua kile kinachotumika kanisani kwenu: Tumwabudu Mungu Wetu kwa Walutheri wa Tanzania, Nyimbo za Kristo kwa Waadventista, Tenzi za Rohoni kwa wengi wengine. Linganisha namba na nakala ya kanisani kabla ya kununua. Toleo likitofautiana, mtoto atakuwa anafungua wimbo mwingine kila Jumapili.

3. Biblia ya picha

Hapa ndipo watu hupoteza fedha, maana rangi huuza. Jipime kwa kurasa mbili. Kwenye hadithi ya mamajusi, Mathayo 2 haitaji kuwa walikuwa watatu, na mstari wa 11 unasema waliingia nyumbani, si zizini. Kwenye Daudi na Goliathi, 1 Samweli 17:40 inataja mawe matano. Kitabu kinachokosea yote hayo kimeandikwa bila kufungua Biblia, kirudishe. Soma pia aya moja kwa sauti: Kiswahili kikikukwamisha wewe, mtoto atakwama zaidi.

4. Katekisimu

Katekisimu ni kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu. Katekisimu Ndogo ya Luther (1529) ni fupi na inafaa tangu miaka 7 hivi. Ya Heidelberg (1563) ina maswali 129 yaliyogawanywa kwa Jumapili 52, hivyo ratiba ya mwaka unaikuta tayari.

5. Kitabu cha mzazi mwenyewe

Kimoja kinatosha: Home Education cha Charlotte Mason, Mwingereza aliyefariki 1923. Kilitoka 1886, haki zake zimekwisha, unakipata bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Anashauri masomo rasmi yaanze miaka 6, na kipindi cha mtoto wa chini ya miaka 8 kisizidi dakika 20. Baada ya kusomewa mara moja, mtoto asimulie kwa maneno yake. Njia hii inafanya kazi vizuri sana kwa Kiswahili. Sehemu za miti na majira ya Uingereza ziruke. Mwembe wa uani unatosha.

Mwisho kabisa: boksi la mtaala kutoka Marekani

Vitabu vyake vingi ni vya kujaza, kwa hiyo kila kimoja hutumiwa na mtoto mmoja tu. Wenye watoto watatu hununua mara tatu. Fedha ni dola na senti, urefu ni inchi, na Kiswahili hakimo. Kama mtoto atafanya mtihani wa taifa, vitabu vya mtaala wa nchi yako utavinunua vilevile, basi anza navyo.