Chandarua cha dawa mbili: kizuri, ila pindo fupi

Nakitumia hapa Ujiji, kitanda cha futi tano kwa sita, mimi na wanangu wawili. Kina pairethroidi, dawa ya mbu tuliyoizoea kwenye vyandarua, na juu yake dawa nyingine, klofenapiri. Hiyo ya pili ndiyo iliyonivutia. Mbu wengi wameshakuwa sugu kwa pairethroidi, ambayo hushambulia neva. Klofenapiri huvuruga namna seli za mbu zinavyozalisha nguvu. Kwa hiyo usikate tamaa ukimwona bado anaruka alfajiri. Anaweza kufa kesho yake au keshokutwa.

Na si maneno ya matangazo. Kilijaribiwa Misungwi, Mwanza, matokeo yakachapishwa 2022: kwa miaka miwili, watoto wa vijiji vilivyopewa waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko wale wa vyandarua vya pairethroidi peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakipendekeza. Utafiti wa nchini kwetu huo, na mimi mama wa watoto wadogo naushukuru sana.

Kasoro ni pindo. Godoro likiwa nene, upande wa ukutani halichomekeki, na mtoto akijigeuza mguu unatokea nje.

Ndugu zangu wavuvi, nawaomba msikitumie kuvulia dagaa. Dawa hizo ni sumu kwa samaki, na nyumbani watoto wanabaki wazi.

Kipya kitandaze kivulini siku nzima kwanza. Kikichafuka, fua taratibu kwa sabuni ya kipande, bila jiki, na uanike kivulini pia. Jua kali linaharibu dawa.