Sumaku haishiki shaba: gereji iliyokagua Peugeot 404 yangu

Nina hasira, na ninaandika kabla hazijapoa.

Gereji yenyewe iko Industrial Area, na sifa zake kwa magari ya zamani nilizisikia kwa watu ninaowaamini. Kazi niliyowapa ni hii: wakague gari, waliendeshe mwendo mrefu wa majaribio barabara ya Magadi, kisha walifungue tena waone kilicholika. Barabara hiyo haina huruma. Ukipita Kona Baridi unateremka hadi kwenye joto la bondeni, na kurudi ni kupanda mlima uleule gari likiwa limeshachemka.

Kwa injini sina neno. Walipima kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya silinda zote nne kabla na baada, wakaniandikia. Bushi za mbele zilizochoka waliziona wenyewe kabla sijasema. Hapo ningewapa nyota nne.

Sasa difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Ya 404 si kama za magari mengi. Ndani yake kuna gia ya chuma yenye umbo la skrubu, nayo inazungusha gurudumu la meno la aloi ya shaba. Kinacholika kwanza ni shaba, na italika upesi zaidi ukiweka mafuta yasiyofaa, kwa sababu dawa za salfa katika baadhi ya mafuta ya gia huishambulia. Ndiyo maana baada ya mwendo mrefu jibu liko kwenye mafuta: unayamwaga kwenye beseni safi, unayatazama juani, unatafuta chembe zinazong'aa kama dhahabu. Nilimwambia msimamizi mapema, tena kwa heshima: "Fundi, tafadhali, mafuta ya difu yasitupwe kabla sijayaona."

Nafika jioni, yako kwenye pipa pamoja na machafu ya kila gari. Kuuliza, msimamizi ananijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, tulipitisha sumaku ikatoka safi. Difu iko sawa. Hii ni kazi ya mafundi, wewe kaa pale kwa kiti."

Sumaku! Sumaku haishiki shaba. Hata ukiilaza humo mwaka mzima itatoka safi, na gurudumu limeisha. Gari lililoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, tena ile ya 1963 ambayo magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, linakaguliwa na mtu asiyejua lina nini ndani!

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msikanyage pale. Lakini kijana mmoja mwanagenzi akanifuata nje na kizibo cha difu, akakipangusa kwa kitambaa cheupe. "Mama, hebu angalia." Chembe za njano, wazi kabisa. Hakuna aliyemtuma. Basi pelekeni injini zenu, na mkifika mwulizieni huyo kijana.

Hapana, hata injini nasita. Mtu akishaandika jambo ambalo hakulikagua, zile namba za kompresheni nitaziamini vipi?

Ripoti yao mpaka sasa inasema "Difu: haijalika". Sehemu hiyo silipi. Wakitaka kubishana, waifungue mbele yangu, na huyo kijana ndiye ashike spana.